Mlango Umeregea

Chwele, alasiri

Naliaka mama,

Utakapoikuta barua hii juu ya sanduku lako la bati, nitakuwa nimeshapanda lori la mahindi kurudi Kitale. Kesho ukipanda treni pale Bungoma sitakuwepo. Mwenye gereji hatoi ruhusa mara mbili kwa mwezi mmoja, na ya kwanza nimeimaliza jana, Jumapili, na leo, kwa maombi yako. Usinihurumie. Kuaga watu stesheni sikuwezi. Hubaki nikitazama magurudumu tu.

Mambo ya blanketi, sabuni na viatu sitayagusa. Mama yako ameyasema, shangazi yako ameyarudia, katekista ameyaombea. Nakuandikia kwa jambo moja. Mama yako hajatia kitu mdomoni tangu jana jioni, na sababu ni wewe, na nadhani hujui.

Jana katekista alipomaliza kuomba alikuwekea mkono kichwani akakwambia kazi ya unesi ni ngumu, ina damu na ina kukesha, kwa hiyo usiregee. "Usiregee, binti. Usiregee kabisa." Ukaitikia amina ya nguvu. Kisha ukaingia jikoni ukiwa bado umejaa maneno yake. Mama yako hakuyasikia. Alikuwa na sufuria na moshi wake. Akakuuliza bila hata kugeuka, "Naliaka, utaregea?"

Nawe ukamjibu, "Mimi? Siregei ng'o! Hata wanifanye nini!" Ukatoka ukicheka, ukaenda kuaga majirani.

Mimi nilikuwa nje, nyuma ya ukuta, natia jembe mpini. Nilisikia yote. Nilisikia pia mwiko ukiwekwa chini.

Nilivyoelewa mimi, ulisema hutalegea. Lakini yeye aliuliza kama utarejea. Kwetu sisi L na R ni mtu na ndugu yake, ukimwita mmoja anaitika mwingine. Na kurejea nako hatukuiti kurejea, tunakuita kuregea. Basi neno moja limebebeshwa mizigo miwili, na anayelipokea huchukua ule alioutarajia. Mama yako tangu barua yako ya kuitwa chuoni ifike alikuwa anatarajia mmoja tu.

Nilipoingia akaniambia, "Umesikia mtoto wako? Ati haregei ng'o."

"Labda alikuwa na maana ya..."

"Amesema kwa mdomo wake mwenyewe. Na alikuwa anacheka, bana."

Nikarudi kwenye jembe langu. Leo alfajiri ukaondoka kwenda Bumula kumuaga nyanya yako, na mama yako ameshinda anafua nguo ambazo ni safi. Ninyi wawili mkiachwa hivyo mtaagana kesho kama watu waliokutana sokoni.

Mtu mwingine angecheka. Mimi neno hilo silicheki. Ndilo lililokaribia kukuondoa duniani ukiwa na miaka minne, na ndilo linalomfanya mama yako achechemee. Kisa cha ule mlango wa gari unakijua kwa upande wa barabarani, kama mama yako anavyopenda kukisimulia. Upande wa gereji hujausikia. Haukuwa siri, ni kwamba hakuna aliyeniuliza, na mimi nisipoulizwa sisemi. Hiyo nayo ni tabia mbaya, usiirithi.

Wakati ule nilikuwa nimeshapewa kazi ya milango. Gereji ilikuwa na watu wa injini na watu wa magurudumu, na mimi nilikuwa wa milango, vioo na vitasa. Wenzangu walinicheka, wakaniita bawabu. Niliwaacha. Injini ikifa gari husimama, basi, watu hushuka wakatembea. Mlango ukikosea, mtu hushuka gari likiwa bado linakwenda.

Siku hiyo likaletwa gari la Kimarekani la Mzungu mmoja mwenye shamba la mahindi nje ya Kitale. Lilikuwa refu, na vioo vyake havikuwa na mkono wa kuzungusha. Ulibonyeza kitufe, kioo kikapanda chenyewe. Nusu ya soko ilikuja kutazama. Wewe na mama yako mlikuwa mmenitembelea wiki ile, na wewe ulisimama mbele ya wote, kidole mdomoni.

Kioo cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto, kilikataa kushuka. Dereva wa gari hilo, Barasa, mtu wa huku kwetu, alikuwa amekibonyeza mpaka kidole kikamuuma. Watu wote hufanya hivyo. Kitu kikikataa huongeza nguvu, kama kwamba umeme husikia hasira.

Mimi nilianza na vile visivyokuwa na ugonjwa. Vioo vitatu vingine vilishuka, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Nikajaribu kitufe cha pale mlangoni, kisha kile cha dereva kinachoamrisha kioo hichohicho. Vyote viwili kimya, na vitufe viwili haviharibiki siku moja. Nikatia sikio kwenye mlango Barasa akibonyeza. Mota iliyokwama huguna. Hii haikuguna wala kupumua. Basi umeme haukuwa unafika. Nikaenda moja kwa moja bawabani, pale waya unapotoka kwenye mwili wa gari kuingia mlangoni, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa kila mlango ukifunguliwa. Nikaukunja kwa kidole. Kioo kikashuka.

Ule waya kwa nje ulikuwa mzima kabisa. Mpira wake uling'aa. Ndani shaba ilikuwa imekatika, kwa sababu aliyeufunga kiwandani au popote aliuvuta ukakaza. Niliukata, nikaulehemu, nikaufunga utepe mweusi, kisha nikauongezea urefu wa kidole ulegee kidogo pale kwenye kunjo. Hapo, mama, ndipo ninapoachana na katekista. Yeye anasema usilegee kabisa. Mimi nimeona nyaya nyingi. Kuna mahali ambapo mtu atakunjwa kila siku, na hapo asipojiachia kidogo hukatika ndani huku nje anang'aa. Mgonjwa wako wa kwanza akifa, lia. Kisha nawa uso urudi wodini.

Kioo kikawa kimepona. Wewe ukaomba ubonyeze, ukabonyeza juu, chini, juu, chini, mpaka Barasa akasema, "Si utamaliza umeme wa Mzungu, wewe!" Ningeweza kuishia hapo, maana kazi iliyoandikwa ilikuwa kioo tu. Lakini nilipoufunga ule mlango, sikio langu halikupenda. Kitasa kizuri hulia mara mbili. Mlio wa kwanza ni wa kushika, wa pili ni wa kufunga. Huu ulilia mara moja.

Nikachukua chaki nikaupaka ulimi wa kitasa, nikafunga, nikafungua, nikatazama chaki imegusa wapi kwenye lile bati la nguzoni linalopokea ulimi. Ilikuwa imegusa ukingo tu, kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya benchi. Nikalishika bati. Likacheza. Skrubu zake zilikuwa zimekula matundu. Nikizikaza hukaza, ukipiga mlango mara mbili zinalegea tena. Zilihitajika nene zaidi, nazo zilikuwa dukani, mtaa wa pili.

Msimamizi wetu alikuwa fundi Athumani, mtu wa Mombasa, mwenye adabu na kanzu yake ya Ijumaa. Alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Nikapiga kelele, maana mtu wa karibu yangu alikuwa anagonga bati: "Fundi Athumani! Mlango umeregea!"

Chini ya lori ikatoka sauti: "Alhamdulillahi!"

Nikaenda zangu dukani. Njiani nilijiuliza mtu gani anamshukuru Mungu kwa mlango uliolegea. Nikasema ndivyo alivyo Athumani, hushukuru hata kwa pancha. Nikajicheka kidogo, nikaendelea kutembea.

Hapo ndipo ningegeuka, kama ningekuwa mtu wa kugeuka. Jibu lilipokuja halikulingana na nilichosema. Mlango wangu ulilia mara moja badala ya mbili, nikausikia. Mtu akalia hivyohivyo, nikampita. Nimefikiri sana juu ya hilo na sijapata la kuongeza.

Athumani, kwa Kiswahili cha kwao, alisikia mlango umerejea. Umerudi mahali pake. Umepona. Akatoka chini ya lori akiwa na furaha, kwa sababu Barasa alikuwa na haraka ya kwenda stesheni ya Bungoma kumpokea mgeni wa bosi wake. Akamwona mama yako amekaa kwenye kivuli na furushi lake, akijua ninyi mnatakiwa kurudi nyumbani siku hiyo. Kwa wema tu, na nasema wema kwa sababu ndivyo ulivyokuwa, akamwambia Barasa, "Wachukue hawa, ni watu wa fundi wako. Gari tupu lina faida gani?" Akakubeba yeye mwenyewe akakuweka nyuma, kushoto, kwenye kile kioo ulichokipenda.

Nilirudi na skrubu mkononi. Pale lilipokuwa gari palikuwa na doa la oili.

"Liko wapi?"

"Limekwenda Bungoma," Athumani akasema. "Na mkeo na mtoto nimewapa lifti. Leo umepona nauli, bwana!"

Naliaka, sijui kukueleza. Nilisimama. Nilimsikia akiendelea kuzungumza. Nilikimbia mpaka barabara kubwa, nikakimbia tena mpaka nyumba za mji zilipokwisha, halafu sikujua ninakimbilia nini. Gari lile kwa kasi yake lilikuwa limeshapotea kwenye njia ya Kimilili. Nilirudi nikakaa kwenye tairi, na zile skrubu nilizishika hadi jioni dereva wa lori moja kutoka Kimilili alipoleta habari. Niliogopa. Sijaogopa vile tena.

Upande wa barabarani unaujua. Baada ya Kimilili kuna kona inayokata kulia, na watu wa nyuma wote hulala kushoto. Mlango ukafunguka. Kwa kuwa ulikuwa umeshusha kioo na mikono yako yote miwili imeshika ukingo, ulikwenda nao. Ukaning'inia nje juu ya barabara, miguu hewani, unapiga kelele. Mama yako akakurukia. Akakudaka gauni, akakutupa ndani ya gari, akatoka yeye. Barasa alikuwa amepunguza mwendo kwa ajili ya matope, vinginevyo leo ningekuwa namwandikia nani. Wewe hukupata hata mkwaruzo. Mama yako alivunjika nyonga.

Watu huniambia kwamba nisingekitengeneza kioo usingekuwa na cha kushika. Wengine husema usingekuwa umeegemea pale. Yote mawili ni kweli, na siku hizi siyajumlishi tena.

Kesho yake, Ijumaa, pale gereji tulikabana mashati, mimi na Athumani. Mimi nilikuwa sijalala, yeye pia. "Nilikwambia mlango umeregea!" "Ndiyo, uliniambia umeregea! Nami nikashukuru!" "Unashukuru nini, mlango umeregea?" "Sasa si umeregea!" Mwenye gereji, Kalasinga, akaja na ndevu zake akatutenga. Akaniuliza, "Wewe nasema nini kwake?" Nikamwambia. Akamgeukia Athumani, "Na wewe sikia nini?" Akamwambia. Kalasinga akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Yeye nasema regea. Wewe sikia regea. Sasa ninyi gombana nini?"

Hakuna aliyecheka. Athumani ndiye aliyeelewa kwanza. Akakaa chini pale pale kwenye oili na kanzu yake, akafunika uso. Akasema, "Nimembeba mtoto kwa mikono yangu." Nikakaa kando yake. Simlaumu, na kama ungemwona siku ile usingemlaumu hata wewe. Tangu hapo mlango ukilegea mimi husema umelala wazi, na ukipona husema umefunga. Vijana wapya hunishangaa. Waache.

Neno lile halikuishia gereji. Mama yako alilazwa wiki nyingi, na katikati alishikwa na homa ya kidonda cha nyonga. Ikapungua. Asubuhi moja nikiwa nimekaa kando ya kitanda, dresa, mfunga vidonda wa wodi, akapita na kitabu chake, kijana mpole, hodari, mwenye wagonjwa wengi kuliko macho yake.

"Mama, homa vipi leo?"

"Imeregea," mama yako akasema.

"Vizuri sana," akasema dresa, akaandika, akaenda kitanda cha pili.

Nilisikia ile Alhamdulillahi kutoka chini ya lori. Nikasimama. Mimi, ambaye sisemi na watu wa ofisini bila kuulizwa, nikamshika dresa kwenye mkono wa koti lake jeupe. "Bwana, rudi. Mguse."

"Si amesema imelegea?"

"Amesema imeregea. Mguse kwanza."

Akamgusa basi, kwa kuniridhisha tu. Alipoondoa mkono hakuwa tena na haraka. Homa ilikuwa imerudi, tena kali. Wakafungua kile kidonda siku hiyohiyo. Daktari alisema baadaye kwamba kungoja kusingefaa.

Ndiyo sababu uliponisomea ile barua kwamba umechaguliwa kwenda kusomea unesi, nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu kitambo. Ulidhani sikufurahi. Nilikuwa nawaza ni mara ngapi utasikia neno hilo kwa siku. Wagonjwa wa kwetu watakwambia maumivu yameregea, homa imeregea, mtoto ameregea. Ukiwa umechoka utachukua maana inayokuruhusu kwenda kitanda cha pili. Sina dawa nyingine ya kukupa zaidi ya hii: mguse kwanza.

Sasa nirudi jikoni. Nimekuandikia kurasa hizi kama mtu anayejua ulikuwa na maana gani jana. Kwa kweli sijui. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Sikuuona uso wako. Nimechagua kwamba ulisema hutalegea kwa sababu hiyo ndiyo inayoniacha niende Kitale na moyo mwepesi, na mtu aliyechagua hivyo hana tofauti na Athumani chini ya lori. Pengine mama yako ndiye aliyesikia vizuri. Wapo walioondoka hapa Chwele kwenda kusoma, wakaandika barua moja ya Krismasi, ya pili haikuja. Hawakuwa watoto wabaya. Na wewe ukiwa na lako moyoni ni haki yako, siwezi kukufungia kitasa.

Lakini usimwache yule mama na neno lenye pande mbili. Alitoka garini akuweke wewe ndani. Kesho kabla ya kubeba sanduku ingia jikoni, mketishe kwenye kigoda, maana hatakaa mwenyewe. Lile neno liache. Mwambie nitarudi, au mwambie sitarudi, na umtazame. Atalia kwa lolote utakalosema, hilo lisikutishe. Mimi Jumamosi, gereji ikifungwa mchana, nitakuja, na sitamuuliza kitu. Nikikuta moto umewashwa na yeye anakula, nitajua mlizungumza.

Lori linapiga honi huko sokoni. Mchana huu, kabla sijakaa kuandika, niliufungua mlango wetu wa mbele nikautengeneza. Niliupaka ulimi chaki kutoka kile kikopo chako cha shule, nikalisogeza bati, nikaweka skrubu nene. Sasa unalia mara mbili. Halafu nikachonga ufunguo wa tatu, nikauweka ndani ya sanduku lako, chini kabisa, umefungwa kwenye leso moja ya mama yako. Mimi nina wangu na yeye ana wake.

Nimeshaandika maneno mengi, na umeona maneno yanavyofanya watu. Ule ufunguo hauna maana mbili.

Baba yako